Mkono wa Sanduku

Ulikatika ngazini, kati ya ghorofa ya tatu na yetu,
sanduku likiwa bado tupu.
Tuliliazima kwa Nazibrola, jirani,
aliyekwenda nalo Bari miaka sita kuogesha wazee,
akarudi Kutaisi na mgongo mbovu
na birika moja la kahawa.
Lamara akabaki na kipande cha ngozi kiganjani
kama mtu aliyepeana mkono na mgeni,
mgeni akaenda zake,
mkono ukabaki.

"Nitanunua jingine sokoni," akasema. "Lari arobaini."
"Lete hapa," nikasema.
Na nilikuwa na kila sababu ya kunyamaza.

Uvunguni mna kopo la biskuti
sijalifungua tangu kiwanda cha viatu kifungwe
na mashine zake kuuzwa kwa kilo.
Maharazi, mpini wake umelika kwa umbo la kiganja changu.
Subana ya marehemu mama. Sindano mbili butu.
Na donge la nta lililochorwa mifereji myembamba,
kila mfereji jozi ya viatu
ambavyo mtu fulani alivivaa vikaisha.

Uzi ni mmoja, sindano mbili, kila ncha na yake.
Ya kulia ikipita tunduni
ya kushoto huja kwa tundu lilelile, kutoka upande wa pili;
zinapishana gizani, ndani ya ngozi,
bila kuchomana, kama fundi anazijua.
Kisha unavuta kwa mikono yote miwili,
unapanua kifua kama mtu anayetaka kukumbatia,
uzi unalia kwii,
unatulia.

Nilikusudia kushona vibaya.
Hili sijamwambia mtu.
Nilipanga: mishono mirefu, uzi mkavu, fundo la haraka.
Utashika mpaka kituoni,
utakatika mbele ya dereva,
sweta na soksi zitamwagika kwenye matope,
Lamara atacheka, au atalia, yote sawa kwangu,
kisha tutalibeba sanduku kurudi nyumbani,
mimi upande huu, yeye upande ule,
kimyakimya, kama watu wanaobeba kabati.

Mshono wa kwanza ukaenda sawa.
Wa pili nikauacha ulegee;
kidole gumba kikaukaza kabla sijakiruhusu.
Wa tatu hivyohivyo.
Kiwanda kimekufa miaka ishirini na mbili,
na vidole bado vinamwogopa msimamizi.
Nilipofika wa saba nilikuwa nimesahau nia yangu yote,
nahesabu tu: milimita nne, milimita nne,
nikifuata matundu ya zamani yaliyo mazima,
na pale palipochanika nikitoboa mapya
pembeni kidogo, penye ngozi yenye nguvu.

Lamara alikuwa kwenye kigoda karibu na jiko,
anakariri Kiitaliano kutoka daftari la shule la Natela wetu.
Maji. Dawa. Geuka taratibu.
"Unaumwa wapi?" akaniuliza kwa lugha ile,
akijaribu ulimi tu.
Jibu kwa lugha ile sina.
Nikamwonyesha kidole, kilikuwa kinatoka damu,
akakitazama, akarudia swali,
safari hii akiwa ameliweza kabisa.

Saa kumi alfajiri dereva alilinyanyua
kwa mkono uleule, kilo ishirini na tatu,
akalitupia nyuma ya basi bila hata kulitazama.
Nilisubiri sauti ya uzi.
Nilisubiri, Mungu anisamehe, nimeng'ata meno.
Kimya.
Lamara akanipungia kupitia kioo chenye mvuke,
akafuta kidogo kwa kiwiko, akapunga tena.

Sasa ni saa moja. Nimefagia vipande vya ngozi.
Uzi umebaki shibiri tatu, nilikata mwingi mno.
Nimeupitisha kwenye nta, mara mbili,
nimeuzungushia subana,
nimeurudisha koponi.
Kopo sijalirudisha uvunguni.